Moto wa Betri za Lusiana

Pale Nambilanje, mtu aliyetaka kumkuta Lusiana nyumbani bila kumtafuta mashambani alikwenda Jumamosi saa kumi jioni. Siku nyingine mwanamke huyo hakuwa na saa. Alitoka na jembe umande haujakauka, akarudi na kuni kichwani jua likiwa limeshachoka. Lakini Jumamosi, hata kama ufuta umeiva na umeanza kupasuka wenyewe shambani, saa kumi ilimkuta amekaa kwenye kigoda barazani, redio iko mapajani, sikio ameliegemeza kwenye spika, na vidole vimeshika kitufe cha kutafutia stesheni kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Ilikuwa redio ya betri nne kubwa, yenye mpini wa bati, aliyoiacha marehemu mumewe, Gabrieli. Antena yake ilikuwa imevunjika, na Lusiana alikuwa ameunga uzi wa shaba akaupandisha juu ya mpapai. Stesheni aliyoitafuta ilikuwa ya ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Kila Jumamosi, kwa nusu saa, mtangazaji mmoja mwenye sauti ya mafua alisoma majina ya watu waliopoteana wakati wa vita. Aliyasoma kwa Kiswahili cha ng'ambo kilichochanganyika na Kimakonde: fulani wa kijiji fulani anatafutwa na fulani, ajitokeze, yuko mahali fulani. Lusiana alikuwa anangoja jina lake.

Yeye na Gabrieli waliondoka kwao, karibu na Nangade, mwaka themanini na tano. Walikuwa na watoto wawili. Teodosia alikuwa bado mgongoni. Kipriani alikuwa na miaka sita, na wiki ile mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba jipu kwenye unyayo, hawezi kukanyaga. Gabrieli alikuwa amebeba gunia la mahindi na baba yake kipofu amemshika bega. Bibi wa mtoto, mama yake Lusiana, ndiye aliyesema, "Niachieni. Jipu likipasuka nitamleta mwenyewe. Mtoni si mbali."

Kipriani hakulia. Alisimama mlangoni kwa mguu mmoja, ameshika kanga ya bibi yake, akasema, "Mama, ukirudi uniletee kiatu. Kimoja tu, cha huu." Lusiana akacheka, akasema atamletea. Siku chache baadaye walisikia wakiwa upande wa huku kwamba kijiji kimechomwa.

Walianza maisha Nachingwea, wakipalilia mikorosho ya watu. Baba yake Gabrieli akafia huko. Kisha wakapewa ardhi Nambilanje, katikati ya Wamwera, nako Gabrieli akafa kwa kifua. Vita ilipokwisha ng'ambo, Lusiana alivuka mto kwenda kutazama. Pale palipokuwa nyumba ya mama yake alikuta mafiga matatu na majani yaliyompita kimo. Mwanamke mmoja aliyerudi kulima karibu na hapo alimwambia, "Mama yako nilimwona. Alipandishwa lori la wanajeshi pamoja na mtoto anayechechemea. Lori lilikwenda kusini. Zaidi ya hapo sijui." Ndiye pia aliyemwambia habari za redio. "Sikiliza Jumamosi," alisema. "Watu wanapatikana."

Lusiana alirudi Nambilanje akiwa na hilo tu: mtoto anayechechemea. Maana yake alinusurika kwenye moto ule.

Majirani walimwita Mama Teo, kwa kuwa Teodosia ndiye mtoto waliyemwona. Mmoja tu alikataa. Huyo ni Sikuzani, Mmwera wa nyumba ya pili, mwanamke wa maneno mengi, ambaye siku aliyosimuliwa habari yote alisema, "Mtu anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Asiyemwona ni shauri lake. Kuanzia leo wewe kwangu ni Mama Kipriani."

Lusiana aliitika. Kila alipoitwa jina hilo kutoka upande wa pili wa ua wa mabua, ilikuwa kama mtu amemhakikishia jambo.

Shida ilikuwa betri. Nambilanje hapakuwa na umeme, wala Ruangwa yenyewe miaka ile. Betri za dukani zilikuwa zikija zimekaa sana njiani, na mwaka wa tisini na saba zilikuja mbovu kuliko kawaida: baada ya wiki mbili zilivimba, zikatoa ute mweupe, na mtangazaji wa mafua akageuka mbu. Lusiana alikuwa hodari wa kuziuguza. Alizigonga, alizibadilisha nafasi, na kila asubuhi yenye jua alizianika, kama kila mtu kijijini alivyofanya. Betri iliyochoka, ikishinda juani, jioni inakupa dakika kumi za kuazima. Alizipanga kwenye ukingo wa jamvi pembeni ya makopa ya muhogo.

"Mama Kipriani," Sikuzani alipiga kelele kutoka kwake, "leo umeanika mboga gani?"

"Betri."

"Utazipika kwa nazi au kwa karanga?"

"Kwa mdomo wako, maana ndio wenye mafuta."

"Hee! Mmakonde ameota meno!"

Lakini mwezi wa tano mawingu hayakutaka kuondoka, na Jumamosi mbili mfululizo majina yalisomwa bila Lusiana kusikia hata moja zima. Alikaa ameshika redio iliyokuwa ikinong'ona, akijua kwamba ndani ya mnong'ono ule kuna watu wanaitwa. Jumatatu yake alipanda gari la mizigo kwenda Nachingwea.

Alikwenda kwa Ashraf. Wengi walimpenda Ashraf kwa sababu duka lake lilikuwa na vitu, na walimchoka kwa sababu alizungumza kama aliyelipwa kwa neno. Kiswahili cha Lusiana kilikuwa cha kuokota, nusu sokoni, nusu shambani. Mbele ya Ashraf ilimbidi ashike maneno machache makubwa na mengine ayaachie yapite.

"Karibu mama! Sabuni, chumvi, mafuta ya taa?"

"Betri. Za redio. Ambazo hazifi."

"Isiyokufa hata mimi sina, mama. Ningekuwa nayo ningeivaa shingoni."

"Basi inayokawia."

Ashraf akainama chini ya kaunta akaibuka na aina tatu, akazipanga mbele yake. Za kwanza alizijua, zenye picha ya jogoo. Za pili zilikuwa za kijani, zinang'aa, mpya kabisa machoni. Za tatu zilikuwa za kijivu, hazina picha wala urembo, karatasi zake zimeanza kukwaruzika.

"Za jogoo unazijua. Zikiisha zimeisha, unampa mtoto achezee. Hizi nyingine mbili ni za kuchaji. Hizi zikiisha moto, unazirudishia moto, zinaendelea. Zikiisha tena, unazirudishia tena. Mwaka huu, mwakani, mpaka uchoke wewe."

"Zinarudishiwa moto?"

"Ndiyo maana yake. Umeona?"

Lusiana aliona. Betri kuishiwa moto halikuwa neno geni, kila mtu alilisema, na kila mtu alijua dawa yake. Alichukua moja ya kijani akaiweka kiganja cha kushoto, moja ya kijivu kiganja cha kulia. Akafumba macho. Akazipandisha na kuzishusha taratibu, namna walivyopima korosho kwa mkono kabla ya kuzitia guniani, wakitoa zisizo na kiini.

"Za kijani ndizo zinazotoka sana," Ashraf alisema. "Walimu wananunua hizo."

"Nyepesi."

"Si ndio vizuri? Hazikuchoshi kubeba."

"Korosho nyepesi ndani ni pumba." Akairudisha ya kijani, akafunga vidole juu ya ya kijivu. "Nipe hizi. Nne."

Ashraf akacheka kwa kushindwa. Alizileta nne zilizokuwa zimechajiwa nyuma ya duka, akazifunga kwa gazeti. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na hakupenda mteja aharibikiwe, akamshika mkono.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Usiziache zikakaa bila moto muda mrefu. Hizi kukosa moto hazipendi, zinaharibika. Umenielewa?"

"Nitazipa moto."

"Hapo umenielewa."

Jumamosi ya kwanza Lusiana alipowasha redio, Teodosia alitoka jikoni mbio akidhani mgeni wa kiume amefika. Sauti ilikuwa nene, karibu, mafua yote ya mtangazaji yakisikika mpaka anapomeza mate. Majina yalisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata moja lililomponyoka. Jina lake halikuwamo. Lakini kwa mara ya kwanza katika miezi, aliinuka pale kigodani akiwa na hakika kwamba halikuwamo, na hakika ile ilimpa usingizi.

Kuanzia kesho yake alizitunza. Kila asubuhi alizitoa redioni, akazifuta kwa upindo wa kanga, akapanda juu ya kinu na kuzipanga kwenye kipande cha bati kilichofunika banda la kuku. Alichagua bati kwa sababu jamvi halikushika joto. Mwezi wa sita mawingu yalikuwa yameondoka na jua la kiangazi lilikuwa limefika. Jioni alizishusha zikiwa hazishikiki, akazirusha kutoka kiganja hadi kiganja kama viazi vilivyotoka jivuni.

"Hata mpya unaanika?" Sikuzani aliuliza.

"Hizi zinataka moto kila siku. Mwenye duka amesema zikikosa zinaharibika."

"Basi zinadeka kuliko mume."

"Mume hanisomei majina."

Jumamosi ya pili sauti ilikuwa nene vilevile. Ya tatu pia. Lusiana hakuona sababu ya kuwa na wasiwasi, kwani betri alizozijua maishani mwake zote ziliugua kabla ya kufa. Zilianza kukohoa, zikapoteza nguvu pole pole, zikakupa nafasi ya kuzigonga, kuzianika, kuazima, kujiandaa. Hakuna aliyemwambia kwamba za kuchaji haziagi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba alikaa kama kawaida. Teodosia alikuwa amekwenda kisimani. Mtangazaji alianza na watu wa pwani, akaja kwa watu wa Mueda, akageuza karatasi. Lusiana aliisikia ikigeuzwa.

"Lusiana binti Simoni," mtangazaji alisema, "wa Nangade. Mke wa Gabrieli Nampanda. Aliyeondoka mwaka elfu moja mia tisa themanini na tano na mtoto mchanga wa kike. Anatafutwa na—"

Redio ikazima.

Kwa kitambo kidogo Lusiana alidhani mtangazaji amesita ili ameze mate. Alingoja ameze. Kisha akaona kwamba hata mvumo wa hewa, ule unaokuwa nyuma ya sauti, haupo. Aligeuza kitufe. Alikigeuza tena. Aliipiga redio ubavuni, akaifungua mgongo, akazitoa betri, akazipangusa, akazirudisha. Akazisugua kwa viganja. Kuku waliokuwa chini ya mpapai walitawanyika kwa ukelele ambao hakujua kama ni wake.

"Betri! Sikuzani, nipe betri! Yoyote!"

Sikuzani alikuja mbio na tochi. Ilikuwa ya betri mbili, na redio ilitaka nne. Alirudi mbio kutafuta redio ya mumewe, Ramadhani, akakumbuka Ramadhani amekwenda nayo uwanjani kusikiliza mpira. Alikimbia mpaka uwanjani ameshika kanga kiunoni, akamnyang'anya mumewe redio mbele ya wanaume wenzake, huku wakimcheka, akarudi nayo. Walipoipata stesheni ya ng'ambo, ilikuwa inapiga muziki.

Sikuzani alizima muziki ule. Alikaa chini kwenye vumbi, anahema.

"Jina lako limesomwa?"

"Limesomwa."

"La kwako wewe? Si Lusiana mwingine?"

"Na la Gabrieli. Na mwaka."

"Amesema unatafutwa na nani?"

"Amesema na."

"Na nani, Mama Kipriani?"

"Na."

Sikuzani aliichukua ile redio yenye mgongo wazi, akaifunga.

Asubuhi Lusiana alikwenda Malolo kwa miguu. Huko alikuwa anakaa Severini, mzee wa Kimakonde aliyevuka mto mwaka uleule waliovuka wao, ambaye naye alisikiliza majina kila Jumamosi akimtafuta ndugu yake. Alimkuta anasuka ungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una vumbi hivyo?"

"Jana ulisikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Ulisikia jina langu?"

Severini aliacha kusuka. "Nilisikia Lusiana. Nikasema, Lusiana ni wengi."

"Baba, anayenitafuta ni nani? Walisema yuko wapi?"

Mzee aliyaelekeza macho kwenye ungo. Lusiana aliona midomo yake ikijaribu maneno, moja baada ya jingine, na kuyaacha.

"Nisikudanganye," alisema mwishowe. "Mimi nasubiri jina la ndugu yangu. Likisomwa la mwenzangu, masikio yanalala. Walitaja mtu. Walitaja na mahali. Sikuyashika."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sikuyashika, mwanangu. Nisamehe."

Hakumlaumu. Ni jambo alilolijua ndani ya mwili wake mwenyewe. Jumamosi ngapi yeye alisikia majina ya watu, akashukuru tu yanapita haraka?

Jumatatu alikuwa Nachingwea, betri nne za kijivu zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Aliziweka juu ya kaunta bila kusalimia.

"Zimekufa."

Ashraf alizitazama. Karatasi zake zilikuwa zimejikunja na kubadilika rangi, moja imevimba kitako. Alizipima kwa kimashine chake, mshale ukakataa kuinuka.

"Mama, hizi umezikaanga? Ulikuwa unaziweka wapi?"

"Juani. Kila siku. Sikuacha hata siku moja."

"Juani?" Ashraf akaanza kucheka. "Betri za kuchaji unaanika? Mama wewe, joto ndilo linalozimaliza! Ungeziacha ndani kivulini mpaka leo zingekuwa—"

"Ulisema nizipe moto."

"Moto wa umeme, mama! Moto wa kuchaji! Si moto wa jua."

"Ungesema umeme," Lusiana alisema. "Wewe ulisema moto."

Kicheko cha Ashraf kilikuwa kimeshafika kwa wateja wawili waliokuwa nyuma, nao walikuwa wameanza kukipokea. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amemwona usoni, akanyamaza. Alimuuliza kuna nini. Lusiana alimwambia, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengi katika lugha ile: mtoto, mguu, jina, "na". Ashraf aliinama chini ya kaunta, akakaa huko zaidi ya inavyohitajika kutafuta kitu, akaibuka na betri nyingine nne za kijivu zilizojaa. Alizisukuma mbele. Hakutaka malipo. Lusiana alizirudisha kwa kiganja.

"Nipe za jogoo," alisema. "Zile zinaaga."

Jumamosi iliyofuata jina halikusomwa. Wala iliyofuata, wala zile zilizofuata. Mwaka uleule zilikuja zile mvua ambazo watu wa Kusini bado wanazitaja, barabara ya Nachingwea ikakatika, na kwa muda mrefu hapakuwa na betri za jogoo wala za aina yoyote. Katekista wa kanisani alimwandikia barua kwenda stesheni kule, jibu halikuja. Barabara zilipopona Lusiana alivuka mto mara ya pili, akafika mpaka kwa mtu aliyekuwa akipeleka majina redioni kutoka wilayani. Alimwambia kwamba majina yalitoka kila upande, kambini, misheni, hospitali, na kwamba karatasi zikishasomwa hazitunzwi. "Subiri," alimwambia. "Anayekutafuta atakutafuta tena."

Kipindi kilifupishwa kikawa cha robo saa. Kisha kikawa mara moja kwa mwezi. Kisha Jumamosi moja, mahali pake pakawa na muziki, na hakuna aliyesema kwaheri.

Lililomla Lusiana halikuwa lile alilolitarajia. Mwanzoni alihangaika na neno lile, na. Alipalilia akilimalizia: na mwanawe Kipriani, yuko kusini, ni kijana sasa, anachechemea kidogo. Na mama yake mzazi. Au, siku ambazo jembe lilikuwa zito, na watu wa misheni, wenye habari za marehemu. Alilimalizia kila namna mpaka miisho yote ikawa sawa, haina ladha. Lakini baada ya miaka jambo jingine lilikuja likakaa, na hilo halikuondoka. Kama aliyetafuta alikuwa Kipriani, basi Kipriani naye alikaa mahali siku ile akisikiliza. Alisikia jina la mama yake likisomwa lote, mpaka mwisho. Akahesabu kwamba mama amesikia. Akangoja. Wiki, mwezi, mwaka. Na mama hakwenda.

Mara ya kwanza alimwacha kwa sababu ya mguu. Mara ya pili, kwa macho ya mtoto yule, alimwacha kwa kupenda.

Hilo hakumwambia Teodosia. Alimwambia Sikuzani, siku moja wakibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake. Sikuzani akasema, "Atajua. Mtoto anajua."

"Anajuaje?"

Sikuzani akabangua korosho tatu, nne. "Sijui," alisema.

Teodosia alikua, akaolewa Ruangwa mjini na fundi seremala aitwaye Kaimu. Nguzo za umeme zilipofika mtaa wao, Kaimu alikuwa wa kwanza kuvuta, akanunua redio kubwa ya kuchomeka ukutani, akamchukua mama mkwe akae nao. "Mama," alimwambia kwa kujivunia siku aliyofika, "hii haina habari ya betri. Hii inaimba mpaka ukuta uchoke." Lusiana alisema ni nzuri. Katika sanduku lake la nguo, chini kabisa, kulikuwa na zile betri nne za kijivu zilizokufa.

Mtoto wa kwanza wa Teodosia alikuwa wa kiume. Teodosia alimwomba mama yake ruhusa ya kumwita Kipriani. Lusiana alikataa kwa ukali ambao binti hakuutegemea. Katika ukoo wao jina la mtu hupewa mtoto pale tu mwenye jina akiwa ameshaondoka duniani, na Teodosia, aliyelelewa kwa Wamwera, hakuwa amelifikiria hilo. "Lina mwenyewe," Lusiana alisema. Mtoto akaitwa Gabrieli.

Wa pili alizaliwa mwaka elfu mbili na nane, naye wa kiume. Safari hii Teodosia hakuomba chochote. Sikuzani, ambaye sasa alikuwa amefiwa na Ramadhani na magoti yalimsumbua, alikuja kutoka Nambilanje kumtazama mtoto, amebeba kuku na unga wa muhogo. Walikaa sebuleni mchana, mlango uko wazi, redio ya Kaimu ikiongea yenyewe kwenye kona.

"Mama Kipriani," Sikuzani alisema, "mjukuu ana masikio kama sahani. Huyu atasikia mpaka ya Lindi. Jina lake nani?"

Teodosia alisema bado hawajakubaliana, baba yake anataka la ukoo wake.

Lusiana alikuwa amemshika mtoto. Alikuwa ameufunua mguu wake wa kulia kutoka kwenye kanga, anautazama unyayo, mdogo, laini, mwekundu kwa kutokanyaga chochote. Aliusugua kwa kidole gumba.

"Huyu ni Kipriani," alisema.

Teodosia alifunika mdomo kwa mkono. Kaimu, ambaye hakujua, alitabasamu akasema ni jina zuri. Sikuzani alijua. Alikuwa amevuta pumzi apige kigelegele, kama inavyompasa mgeni jina linapotajwa, akaishikilia kifuani mpaka ikaisha.

"Una hakika, mwenzangu?" aliuliza taratibu.

"Sina. Nimechoka kuwa sina."

Mtoto alipiga chafya. Kwenye kona, mtangazaji wa redio alikuwa anasoma habari kwa sauti nene isiyopungua.

"Sasa mimi nikuiteje?" Sikuzani alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Miaka yote hii. Ulimi wangu umeshazoea."

"Niite Mama Teo," Lusiana alisema. "Si wote wanaita hivyo?"

Alikuwa akiufunika mguu wa mtoto, akizungusha kanga mara ya kwanza, mara ya pili, wakati umeme ulipokatika. Redio ikanyamaza katikati ya neno. Kaimu aligeuka, Teodosia aligeuka, hata Sikuzani aligeuka kuitazama. Lusiana hakugeuza shingo. Aliendelea kufunga kanga.